Bango langu limetoka bonge jeusi: tatizo ni wino?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nachonga lino, lile bamba laini la kuchongea picha ya kuchapa, kwa ajili ya bango la kupinga kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni, na mto huo ndio tunaochota. Nimeweka ngumi, mnyororo uliokatika, fuvu, njiwa, na pembeni mkono wa mama ulioshika ndoo. Ukiwa karibu kila kitu kinaonekana, ukirudi hatua chache yote yanageuka bonge jeusi. Rafiki yangu anasema niongeze nyekundu ili watu washtuke. Mwingine ameniuzia seti ya alama za maandamano zilizochorwa tayari. Nibadili wino au patasi? Picha ya jaribio nimeituma.

JIBU: Marahaba. Tuumalize wino kwanza. Kingo za mistari yako zimevimba na mistari myembamba imeziba, maana yake umepaka mzito. Weka kidogo sana juu ya kioo, pitisha rola mpaka usikie mlio mwembamba, kama karatasi inayochanwa taratibu. Ukisikia mnato wa matope, futa uanze upya. Herufi umekumbuka kuzigeuza kabla ya kuchonga, hongera. Mabango mengi ninayoletewa yanasomeka kwenye kioo cha kujitazamia tu. Patasi yako haina kosa.

Sasa, hata upate wino bora kuliko wote, bonge litabaki. Lino inajua palipobaki na palipoondolewa, basi; kijivu haina. Ukibananisha vitu vitano kwenye karatasi moja, kila kimoja kinakula weupe wa mwenzake.

Kwa nini viwe vitano? Hapo ndipo ninapochoka, maana naulizwa hivi kila mara. Watu wameaminishwa kwamba picha ya kupinga hupatikana kwa kukusanya alama: ngumi ni hasira, mnyororo ni dhuluma, fuvu ni kifo, changanya, koroga, pakua. Futa maneno kwenye bango lako halafu utazame kilichobaki. Linaweza kupinga kodi, vita, au mwenye nyumba aliyepandisha pango. Mto uko wapi? Aliyekuuzia seti hiyo hajali, kwa kuwa ameshawauzia wengine mia ngumi ileile.

Utaniambia ngumi imewahi kufanya kazi. Kweli. Mei 1968, wanafunzi na wafanyakazi waliokuwa wameikalia shule ya sanaa ya École des Beaux-Arts mjini Paris walichapa bango la kiwanda ambalo bomba lake la moshi limegeuka ngumi. Ngumi ile imeota kwenye paa la kiwanda wakati wafanyakazi wenyewe wamegoma. Ukiing'oa hapo, imekufa. Na mabango yao mengi yalikuwa ya rangi moja, kwa kuwa kila rangi inataka skrini yake, yaani kitambaa cha kupitishia wino, na muda wa kukauka, nao walikuwa na haraka. Kwa hiyo hiyo nyekundu ya rafiki yako mrudishie. Mshtuko wa rangi unaisha mtu akishalipita bango.

Anayetaka kuona ukali halisi amtazame Charles Philipon, mchapishaji wa magazeti ya vikaragosi Ufaransa. Mwaka 1831 alishtakiwa kwa kumtukana mfalme Louis-Philippe. Mle mahakamani alichora kichwa cha mfalme mara nne, hatua kwa hatua, mpaka mashavu yakawa tunda la pea. Kama kufanana ni kosa, akauliza, mtayafunga mapea yote? Alihukumiwa hata hivyo, lakini pea likachorwa kwenye kuta za mji. Hakukuwa na damu wala fuvu. Kulikuwa na mtu aliyeyatazama sana mashavu ya mtu fulani mmoja.

Wewe nawe umeshatazama, ila umekificha ulichokiona. Chini ya fuvu, kwenye ile ndoo, umechonga mstari wa uchafu ulioganda ndani, robo tatu ya kimo chake. Hilo halimo kwenye seti ya mtu yeyote. Ondoa vingine vyote, ndoo na mkono ulioishika vijaze ubao mzima, mstari ule uwe mnene kama kidole. Kisha libandike ukutani urudi hatua ishirini.

Na nikuonye, kwa sababu najua kinachofuata: mtu atakuletea picha za samaki waliokufa, zimeokotwa intaneti, akuambie uzichonge. Usiziguse. Nimeona kikundi kizima kikinyamazishwa ndani ya mkutano mmoja. Upande wa pili haukubishana kabisa kuhusu uchafu, ulionyesha tu kwamba picha ni ya mto mwingine. Tangu hapo hata yaliyokuwa kweli hayakusikilizwa. Siku hizi kuna na picha za kutengenezwa na kompyuta, huko ndiko balaa zaidi, maana samaki wenyewe hawajawahi kuwepo. Goya, mchoraji wa Hispania, kwenye mfululizo wake wa chapa za maovu ya vita, aliandika chini ya moja maneno machache tu: niliyaona haya. Chapa hizo zilitolewa mwaka 1863, yeye akiwa kaburini miaka 35, na maneno yale bado yanabana koo.

Nenda mtoni na penseli. Mama mwenye ndoo muombe ruhusa, na uso wake usiuchore hata akikubali leo. Bango likishabandikwa, wa kwanza kufuatwa atakuwa yeye. Mkono unatosha.