Kwa nini mtoto mchanga huchomwa chanjo pajani wala si takoni

Dada uliyeuliza kwa nini mwanao wa wiki 6 alichomwa sindano pajani, ilhali mama mkwe wako anashikilia kwamba takoni ndiko kwenye nyama, naomba nikujibu kama muuguzi niliyehudumu miaka mingi katika chumba cha chanjo hapa Mombasa. Kina mama wa Likoni na Kisauni wameniuliza swali hilo mara nyingi, na ni swali la haki.

Tako la mtoto mchanga huonekana limejaa, lakini sehemu kubwa ya ujazo huo ni mafuta, kwa kuwa misuli yake hukua anapoanza kusimama na kutembea. Ndani ya tako hilo dogo hupita neva (mshipa wa fahamu) iitwayo siatiki, iliyo kubwa kuliko neva zote za mwili, ambayo hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo na kuteremka nyuma ya paja, ikiendesha misuli inayokunja goti, hadi inapogawanyika mara mbili karibu na goti lenyewe. Sindano ikiichoma, au dawa ikimwagika kando yake, mtoto huweza kushindwa kuuinua unyayo. Nimewahi kumwona mtoto aliyechomwa dawa takoni mahali pengine, naye alipoanza kutembea akawa anaukokota mguu mmoja, vidole vikikwaruza sakafu. Jambo hilo liliniuma sana, maana lingeweza kuepukwa.

Paja nalo lina mishipa mikubwa, ila haipiti upande tunaochoma. Ukiweka vidole viwili katikati ya mkunjo wa kinena chako utausikia mpigo wa ateri ya paja, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni. Neva ya paja iko upande wake wa nje na vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, upande wake wa ndani. Kutoka hapo ateri na vena huteremka zikielekea ndani ya paja, zikifunikwa na misuli, kisha hujitokeza nyuma ya goti. Upande wa nje umebaki na msuli mnene uitwao vastasi lateralisi, mkubwa kuliko wote katika ile misuli minne ya mbele inayonyoosha goti, na ambao hata kwa mtoto wa siku chache umekwisha kujengeka vya kutosha.

Kwa hiyo muuguzi hupima kwa mkono wake kutoka kifundo cha mfupa kilicho ubavuni mwa nyonga hadi gotini, akaligawa paja mafungu matatu, na kuchoma fungu la kati, upande wa mbele kuelekea nje. Sindano yenye urefu wa milimita 25 huingia wima ili nusu mililita ya chanjo ifike kwenye msuli na isibaki kwenye mafuta, ambako huwasha na kuvimbisha zaidi. Hapa Kenya ile chanjo ya magonjwa matano huchomwa paja la kushoto na ya nimonia paja la kulia, hivyo uvimbe ukitokea tunajua umetokana na ipi.

Mama mkwe akitaka kulikanda paja kwa mafuta au maji ya moto, mzuie kwa adabu, kwani kukanda huongeza maumivu. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kinatosha. Uvimbe ukizidi kukua baada ya siku mbili tatu, au mtoto akiacha kuuchezesha mguu huo, mrudishe kliniki siku hiyo hiyo.