Maswali na Majibu: Mkutano Hautimii, Posho Haifiki

Mimi ni mtendaji wa kijiji. Nikiitisha mkutano mkuu, wanakuja wazee wachache na watoto. Nimekata tamaa.

Ndugu mtendaji, fungua daftari la muhtasari wa mkutano uliopita. Hesabu hoja za wananchi, kisha uangalie ngapi zimejibiwa. Wengi hawakuchukii, wamechoka kuitwa kuambiwa michango mipya kabla hawajajua ile ya zamani ilikwenda wapi. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Safari hii anza na mapato na matumizi: ushuru wa gulio umeingiza kiasi gani, saruji imenunuliwa mifuko mingapi, iliyobaki iko stoo ya nani. Ibandike taarifa hiyo ubaoni wiki moja kabla, kwa maandishi makubwa. Watakaotangulia kufika ni wenye maneno makali. Usiwakwepe, mmoja wao mpendekeze kwenye kamati ya ujenzi. Na msimu wa palizi, tafadhali, mkutano uwe alasiri.

Mwenyekiti wa mtaa hana mshahara, na posho hupita miezi bila kuonekana. Nipate wapi moyo?

Posho idai kwa barua, nakala kwa diwani wako. Kudai haki yako si tamaa. Ila mwananchi anayefuata barua ya utambulisho usimtoze “hela ya muhuri”. Panga siku mbili za kukaa ofisini, ziandike mlangoni, uzitimize. Watu wakiacha kukuvizia nyumbani alfajiri, nusu ya uchovu itaondoka.

Nina miaka 24, nataka udiwani. Wazee wa chama wanasema nisubiri viti maalumu.

Binti, sheria inataka miaka 21 tu, na kiti cha udiwani cha kata yako kiko wazi kwa mwanamke kama kwa mwanamume. Uchaguzi wa 2025 umepita, una muda. Ingia kikundi kinachoomba mkopo wa asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri (wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) na ukubali ukatibu. Kudai marejesho kwa shoga yako bila kugombana ni kampeni tosha.

Kozi zinasaidia?

Ndiyo. Chuo cha Serikali za Mitaa kipo Hombolo, Dodoma. Ulizia mafunzo ya muda mfupi, hasa ya fedha.