Ukitaka kumwuliza kiongozi, acha kwanza kumwomba

Huku kwetu mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka, mbunge anajulikana zaidi matangani kuliko bungeni. Atafika amechelewa, atapewa kipaza sauti kabla ya padri, atatoa bahasha ya rambirambi, nasi tutapiga makofi. Wiki inayofuata yuko harusini, halafu kwenye harambee ya kanisa. Barabara ikikatika kwa mvua za Aprili, tunanung'unika juu ya bodaboda, lakini yeye hatumwulizi. Tutamwulizaje? Jeneza alinunua yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao najua wengi hawataupenda, ni huu: kiongozi unayetaka akujibu, usimwombe karo ya mtoto wala sukari ya msiba. Mambo mengine yote nitakayosema hapa hayawezekani kama mdomo umeshafungwa kwa bahasha.

La pili ni kumjua anayetia sahihi. Tunapenda kumfokea diwani kwa sababu tunaishi naye, lakini diwani hashiki hundi. Fedha za serikali wilayani zinajibiwa na ofisa mtendaji mkuu, yule tunayemwita CAO, na kwenye gombolola, yaani ngazi iliyo chini ya wilaya, kuna chifu wa gombolola. Mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, na madiwani kazi yao ni kupitisha bajeti na kusimamia. Ukimpelekea swali asiyehusika, atakuhurumia sana, na mtaishia hapo.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya maji kijijini. Kisima chetu cha pampu ya mkono kilizinduliwa kwa ngoma na utepe. Haikuchukua muda maji yakaanza kutoka na rangi ya kutu. Ukipika chai inakuwa nyeusi, ukifua shati jeupe la shule linageuka manjano. Fundi alipoifungua pampu alitoa mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu mpaka kidole kinapita. Diwani wetu, mtu mkunjufu kweli, akatoa pesa mfukoni tukanunua bomba moja. Alishangiliwa. Bomba hilo nalo likaliwa.

Wengine walitaka twende redioni tuseme fulani amekula. Huenda alikula, lakini ushahidi hatukuwa nao, na kutamka hivyo hewani kungetupeleka polisi sisi. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja. Mkataba wa kisima ulikuwa wa shilingi ngapi? Mabomba yaliyotajwa humo ni ya aina gani? Nani alithibitisha kwamba kazi imekamilika? Na fedha za dhamana, zimelipwa au bado?

Swali hilo la mwisho ndilo lililowaamsha. Mikataba mingi ya ujenzi huzuia sehemu ya malipo ya mkandarasi mpaka kipindi cha dhamana kiishe, na sisi wa vijijini hatuambiwi. Barua yetu ilipofika, fedha hizo zilikuwa bado hazijatoka. Hakuna ofisa anayefurahia kusaini malipo huku kwenye faili kuna barua ya wananchi yenye muhuri. Mkandarasi akarudi, akaweka mabomba ya plastiki. Aliyeyapitisha yale ya chuma hakuguswa. Bado yuko ofisini na tunasalimiana vizuri tu.

Kuhusu barua yenyewe: toa nakala tatu. Moja iache ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo nyumbani, ya tatu mpelekee RDC, mwakilishi wa Rais wilayani. Karani akikuambia "iache tu hapo mezani", usiiache. Kaa kwenye benchi mpaka muhuri ugongwe, hata kama ni saa ya chakula. Barua isiyo na muhuri, kesho utaambiwa haikufika.

Nguvu ya tarakimu si hadithi ya kijiji chetu peke yake. Miaka ya 1990 utafiti ulifuatilia ruzuku ambayo serikali ilikuwa ikipeleka shule za msingi za Uganda, ukakuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu. Nyingine nyingi ziliishia wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kile zilichopokea. Kufikia 2001, kilichofika shuleni kilikuwa takriban asilimia 80. Wapo wachumi wanaosema mageuzi mengine ya wakati ule yalisaidia pia, nami sibishani nao. Lakini mwalimu mkuu ambaye wazazi wa wanafunzi wake wanajua kiasi kilichotumwa, hawezi kuwaambia hakuna kitu.

Kwenye ubao wa gombolola yetu karatasi ya mgao ilikuwa imefunikwa na bango la mgombea. Nililibandua kwa ukucha taratibu ili nisome. Leo kila parishi, yaani eneo la vijiji kadhaa ndani ya gombolola, inatakiwa kupata shilingi milioni 100 kwa mwaka chini ya mpango wa maendeleo ya parishi ulioanza 2022, na anayekopeshwa hupata mpaka milioni moja. Jirani yako akitia sahihi milioni na kuondoka na laki tisa, swali unalo tayari, na jina la chama hulihitaji.

Najua nitaambiwa kwamba wakubwa hufukuzwa. Ni kweli. Kashfa ya mabati yaliyokusudiwa wananchi maskini wa Karamoja mwaka 2023 iliwafikisha mawaziri mahakamani. Dampo la Kiteezi, linalopokea taka za Kampala, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30, na mwezi uliofuata Rais akawaondoa viongozi watatu wa juu wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Lakini dampo hilo lilijulikana kwa miaka kwamba limejaa. Mimi nataka swali liulizwe wakati taka zinapanda, watu wakiwa bado hai.

Na usipoteze nguvu kukusanya sahihi za kumrudisha mbunge nyumbani. Katiba ya 1995 iliweka haki hiyo, ila tangu marekebisho ya 2005 haitumiki chini ya mfumo wa vyama vingi. Nimeona vijana wakijichosha bure.

Tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Ofisi ya serikali ina siku 21 za kujibu ombi lako, na ikikunyima unaweza kwenda kwa hakimu mkuu. Taja sheria hiyo kwenye mstari wa kwanza wa barua, utaona namna wanavyoisoma upya. Soma pia ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo hupelekwa bungeni kila mwisho wa Desemba. Itafute wilaya yako humo kabla baraza halijapitisha bajeti ya mwaka unaoanza Julai.

Unapokwenda ofisini, nenda na wenzako wawili au watatu, wakiwemo akina mama, maana wao ndio wanaoteka maji. Anayegombea kiti chochote mwacheni nyumbani. Akiwemo tu, ofisa atasema hiyo ni kampeni, na hapo atakuwa amepata pa kutokea.