Ukuta umefura: tubomoe au tutengeneze?

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya ghorofa mbili iliyopo Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukuta wa upande wa kichochoro umefura kwa nje, na masika yaliyopita kipande cha sakafu ya bafu la juu kiliporomoka usiku. Alhamdulillahi, hapakuwa na mtu chini. Fundi ametushauri tubakishe uso wa mbele na mlango wa nakshi tu, kisha mengine yote tuyajenge upya kwa matofali ya saruji na zege. Je, ushauri huo ni sawa?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaikumu salamu, ndugu msomaji. Msibomoe kwanza. Kuta za nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, na vichwa vya boriti za mikoko zinazobeba sakafu vimezamishwa ndani yake. Bomba la bafu likivuja miaka nenda miaka rudi, udongo ulio kati ya mawe huoshwa, vichwa vya boriti huoza mahali pasipoonekana, na ukuta uliokuwa umeshikwa na sakafu hubaki peke yake, ukaanza kufura. Chukueni bisibisi mkaichome boriti pale inapoingia ukutani: ikizama bila taabu, imeoza; ikigoma, bado ni nzima na huenda ikaishi kuliko sisi sote.

Saruji ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupita kwenye lipu ya chokaa ukakauka nje, lakini ukikutana na lipu ya saruji hufungiwa ndani pamoja na chumvi yake, hadi lipu inabanduka ikiwa na vipande vya jiwe mgongoni. Sakafu ya zege nayo ni mzigo ambao kuta hizo hazikujengwa kuubeba, na nondo zake hushika kutu upesi kwa hewa ya bahari. Isitoshe, nyumba za huko huegemeana. Mkiiondoa yenu kwa pupa, ya jirani inaweza kuifuata.

Kuhusu kubakisha uso wa mbele tu, mimi siuiti uhifadhi. Vyumba vyenu ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti, yaani mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Mkiziondoa boriti na kuta za ndani, mlango wa nakshi utafunguka kwenye nyumba ambayo ingeweza kujengwa popote.

Hata hivyo, sisemi kila jiwe libaki lilipo. Ukuta uliofura kupita kiasi hufunguliwa kidogo kidogo, sakafu ikiwa imetiwa miti ya kuiegemeza, kisha hujengwa upya kwa mawe yaleyale na chokaa. Hata jumba la Beit al-Ajaib hapo Mji Mkongwe, alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, halikubaki lilivyozaliwa: mnara wake wa mbele uliongezwa baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Kilicholiponza jumba hilo ni kuchelewa. Sehemu yake moja ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande wa mbele ukaporomoka na watu wawili wakafariki.

Chokaa hukauka polepole na waashi wanaoijua vyema ni wachache, kwa hiyo jiandaeni kwa kazi ndefu. Nendeni Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla fundi hajashika nyundo, kwa kuwa kibali ni lazima, na ombeni waje kuukagua ukuta. Wiki hii hii fungeni maji ya bafu la juu, hamisheni wanaolala upande wa kichochoro, na tieni miti ya kuegemeza kuanzia sakafu ya chini kabisa. Mkiegemeza ghorofa ya juu peke yake, mtakuwa mmeuhamishia uzito wake kwenye sakafu ya chini yake, ambayo nayo huenda boriti zake zimeoza.