Hesabu ya mlango unaozunguka: anza na mkasi

Mpwa wangu wa Kidato cha Tatu alinijia Jumapili jioni na daftari ambalo ukurasa wake ulikuwa umetoboka kwa kufutwafutwa. Swali lenyewe si geni. Lilikuwa kwenye mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2012. Mlango wa duara una kipenyo cha sentimita 200 na mbawa tatu zinazogawa nafasi ya ndani sawasawa. Una mianya miwili inayotazamana, wa kuingilia na wa kutokea, upana mmoja. Tao la kila mwanya, yaani sehemu yake ya mzingo, liwe refu kiasi gani, kwa upeo wake, ili hewa isipate njia ya moja kwa moja kutoka nje hadi ndani, mlango uwe umesimama popote?

Nilijibu upesi: mbawa tatu, 360 gawa kwa 3, basi mwanya ni nyuzi 120. Nilikosea. Nikaona mpwa wangu naye alikuwa ameandika hivyo hivyo, akafuta, akaandika tena.

Ushauri wangu kwa mzazi au mwanafunzi aliyekwama hapa ni huu: weka fomula kando, utengeneze mlango. Sisi tulichora duara kwenye katoni kwa kufuatisha kifuniko cha sufuria, tukakata mbawa tatu, tukazishikilia katikati kwa pini. Ukuta tukauchora kwa kalamu nene, tukaacha mianya ya nyuzi 120 kama tulivyodhani. Kisha nikamwambia azungushe polepole, kama mkono wa saa, na asimame pale panapomtia shaka.

Akasimama. "Mjomba, tazama hapa. Ubawa huu uko kwenye mwanya wa nje, na jirani yake uko kwenye mwanya wa ndani. Hewa inapita katikati yao."

Hapo ndipo swali lilipofunguka. Tulikuwa tukikodolea macho mwanya, kumbe cha kupima ni ukuta. Kati ya ubawa mmoja na mwenzake pana nyuzi 120. Ukuta ulio kati ya mianya ukiwa mfupi kuliko hapo, utafika wakati mbawa mbili ziupite pande zote mbili, na njia ya hewa iwe wazi. Kwa hiyo kila ukuta uwe na nyuzi 120 au zaidi. Kuta ni mbili, zinachukua 240. Zinabaki 120 za mianya miwili, yaani 60 kila mmoja.

Hesabu iliyobaki ni fupi: mzingo ni 3.142 mara 200, sawa na 628.4, sudusi yake (nyuzi 60 kati ya 360) ni sentimita 104.7. Angalia tu kwamba swali limeuliza tao. Ukinyoosha uzi kutoka ukingo hadi ukingo utapata 100 kamili, kwa kuwa rediasi mbili zenye pembe ya nyuzi 60 kati yake hufanya pembetatu ya pande sawa. Mwanafunzi aliyeelewa kila kitu anaweza kupoteza alama hapo, na inauma.

Mwambie mtoto pia kwa nini hewa izuiwe, maana swali lisilo na sababu halishikiki. Katika majengo marefu ya nchi za baridi, hewa ya joto hupanda juu na kuivuta ya baridi iingie kwa chini, hata mlango wa kawaida ukawa mgumu kufungua. Theophilus Van Kannel wa Philadelphia alipata hataza ya mlango wa aina hii mwaka 1888, na ule wake ulikuwa na mbawa tatu.

Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu hadi Upper Hill, Nairobi, kwenye jengo lenye mlango kama huo. Tulimwomba askari ruhusa, akatuacha tutazame. Ukingoni mwa kila ubawa palikuwa na brashi nyeusi iliyosugua ukuta bila kuacha hata upenyo wa kidole. Mpwa wangu alihesabu mbawa: nne. Akachuchumaa pale pale kwenye ngazi, akatoa daftari. Ukuta nyuzi 90, kuta mbili 180, mianya miwili 180. Kila mwanya robo ya mzingo, na kwa kipenyo kile kile, sentimita 157.

"Mwanya umeongezeka," akasema, "lakini chumba cha kusimama kimepungua." Sikuwa nimemuuliza hilo.