Gamondi alirithi timu ya Nabi? Hapana, na sababu zangu ni hizi

Mkuu, swali lako zuri ila umelichomeka na kejeli. Unasema kocha Miguel Gamondi msimu wa 2023/24 pale Yanga hakufanya lolote, alikuta mtangulizi wake Nasreddine Nabi kashapika, yeye akapakua tu. Halafu mwishoni ukatupia: mshambuliaji wetu Mayele angebaki, si tungefunga mara mbili? Nakujibu yote mawili. Mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, na sifichi, lakini pia nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 huku Mbagala, na mechi za Uwanja wa Mkapa msimu ule nilikuwa nakaa mzunguko. Bei ni moja ya sababu. Sababu nyingine ni kwamba ukikaa kule juu unaona timu nzima inavyosogea. Kwenye runinga kamera inafuata mpira, beki wa kati kasimama wapi hujui.

Tuanze na hilo la "wachezaji wale wale". Mayele alienda Pyramids ya Misri. Feisal alikuwa keshatua Azam, Bangala akamfuata hukohuko, Djuma Shabani naye akaondoka. Wakaingia Pacome na Yao kutoka ASEC Mimosas, Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union, Mkude kutoka kwa jirani zetu Simba, na Konkoni wa Ghana ambaye tuliambiwa ndiye namba 9 mpya, yaani mshambuliaji wa kati, na hakudumu. Waliobaki wa maana ni Diarra langoni, Job, Bacca na Mwamnyeto nyuma, Aucho na Mudathir katikati, na Aziz Ki. Hiyo ni nusu ya timu, mkuu. Nusu nyingine ilijengwa upya ndani ya miezi miwili.

Nabi simvunjii heshima hata kidogo. Mechi 49 za ligi bila kufungwa ni za kwake, na mwaka 2023 alitupeleka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukalala 2-1 Dar kwa USM Alger, tukashinda 1-0 kwao Algiers, kombe likapotea kwa bao la ugenini. Lakini timu yake ilikuwa timu ya subira. Ikipata bao moja inarudi nyuma, inafunga njia za katikati, inakuachia mpira uchezee mahali pasipo na madhara. Ikiupata, wa kwanza kutafutwa ni Mayele. Mabao 17 ya ligi na 7 ya Shirikisho msimu mmoja, nani asingemtafuta? Shida ni kwamba mpinzani naye alilijua hilo. Ukimpangia Mayele watu wawili, Yanga ya Nabi ilikuwa inasubiri kona au faulo.

Gamondi alipofika, kitu cha kwanza kubadilika ni mahali ambapo mpira unapokonywa. Hili watu hulipita haraka wakakimbilia kusema "anashambulia". Kila kocha anasema anashambulia. Angalia timu inafanya nini sekunde chache baada ya kupoteza mpira. Ya Nabi ilikuwa inarudi kujipanga. Ya Gamondi, aliye karibu na mpira anamvamia mwenye nao hapohapo, wawili wa jirani wanaziba pasi fupi, na mpinzani anabaki na chaguo moja tu la kubutua. Akibutua, mpira unaangukia kwa Aucho au Bacca ambao tayari wamepanda hadi karibu na mstari wa kati. Unarudi golini kwake kabla mabeki wake hawajajipanga. Zile tano tano tulizowafunga KMC na JKT Tanzania mwanzoni mwa ligi wengi walizichukulia kama udhaifu wa timu ndogo. Mimi nilikuwa naangalia Bacca anapokelea mpira wapi, nikasema huyu mzee Gamondi hatanii.

Cha pili ni wale watatu nyuma ya mshambuliaji. Kwenye karatasi ni 4-2-3-1, wala si ajabu. Lakini Maxi akianza kulia hakai kulia, anaingia ndani. Pacome upande wa pili hivyohivyo. Aziz Ki anazurura atakako. Kwa hiyo unakuta watu watatu wanaoweza kupiga pasi ya mwisho na kufunga wamejazana katikati ya kiungo mkabaji na mabeki wa kati wa mpinzani, na pembeni kote kumeachwa kwa mabeki, Yao kulia na Lomalisa kushoto. Beki wa pembeni wa mpinzani anachanganyikiwa: amfuate Maxi ndani au amsubiri Yao anayekuja mbio? Akimfuata Maxi, Yao ana uwanja mzima wa kupigia krosi. Akibaki, Maxi anageuka na mpira akiangalia goli.

Na ndani ya boksi anaingia nani? Kila mtu. Musonda au Mzize anavuta beki mmoja, na Mudathir anatokea nyuma akiwa amechelewa makusudi. Ile staili yake ya kupiga simu akifunga tuliizoea kwa sababu alikuwa anafunga mabao ya kiungo ambaye hakuna anayemkaba, kama lile la dakika za mwisho dhidi ya Namungo. Hapo ndipo pengo la Mayele lilizibwa. Hakuletwa Mayele mwingine, mabao yaligawanywa. Aziz Ki akamaliza na 21 akiwa mfungaji bora wa ligi, na huyo si namba 9.

Sasa ile dabi na Simba ya tarehe 5 Novemba 2023, maana najua bila kuitaja mtasema nakwepa. Musonda kafunga dakika ya 3, Kibu wa Simba kasawazisha ya 9, mapumziko 1-1. Watani wanakumbuka kipindi cha pili tu, lakini mechi iliamuliwa kipindi cha kwanza, kwa jinsi viungo wa Simba walivyokimbizwa. Hawakupata hata nafasi ya kusimama na mpira. Wiki chache nyuma walikuwa wamecheza na Al Ahly mara mbili kwenye African Football League, miguu haikuwa mipya. Ilipofika dakika ya 60 nafasi kati ya viungo wao na mabeki wao ilikuwa imepanuka, na waliokuwa wanaisubiri nafasi hiyo ni Maxi, Aziz Ki na Pacome. Maxi dakika ya 64, Aziz Ki ya 73, Maxi tena ya 77, penalti ya Pacome ya 87. Kocha wao Robertinho hakuimaliza wiki hiyo kazini. Tazama marudio bila kushangilia, kama unaweza: timu iliyokabia juu, yaani kumbana mpinzani kwenye nusu yake, saa nzima ndiyo iliyokuwa na pumzi, kwa sababu ilikuwa inakimbia mita kumi kumi ilhali mwenzake anakimbia arobaini kurudi.

Lakini mfumo huu una gharama, na ndipo ninapotofautiana na Wananchi wenzangu wanaomfanya malaika. Ukipanda namna hiyo unaacha uwanja mkubwa nyuma ya mabeki. Ihefu walitupiga 2-1 kwao Mbarali Oktoba 2023, matokeo yaleyale waliyompiga Nabi kuvunja ule mwendo wa 49. Kwenye uwanja ambao mpira unadunda ovyo, kukabia juu kunapoteza nusu ya faida, maana mpinzani habanwi apige pasi, anabutua tu na mpira wa pili ni bahati nasibu. CR Belouizdad nao wakatuadhibu 3-0 Algeria kwenye mechi ya kwanza ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Kwa vijana wangu nililiona hili kwa ukaribu zaidi. Washambuliaji watatu wa mbele wanapenda sana kukaba juu, unawaambia mara moja tu. Mabeki ndio hawataki kupanda. Wanaogopa mpira wa juu ya kichwa, wanabaki nyuma, na katikati panabaki shimo ambalo kiungo mmoja hawezi kuliziba hata awe na mapafu ya farasi. Ukitaka kukabia juu, kazi ya mazoezini ni ya mabeki na kipa. Ndiyo maana Diarra alikuwa muhimu kuliko watu wanavyodhani. Anatoka kwenye goli lake kama beki wa tano, na Bacca na Job wanapata ujasiri wa kupanda wakijua kuna mtu nyuma. Mwenye kipa anayeng'ang'ania mstari wa goli asijaribu kuiga.

Tena Gamondi hakuwa kichwa ngumu kama anavyosemwa. Belouizdad walipokuja Dar Februari 2024 tulihitaji kushinda kwa tofauti kubwa. Tukawapiga 4-0: Mudathir, Aziz Ki, Musonda, Guede. Tulimaliza wote na pointi 8, sisi tukapita kwa 4-3 ya mechi zetu mbili. Na baada ya mwezi tu, kwenye robo fainali dhidi ya Mamelodi Sundowns, hakukabia juu kabisa. Mechi ya Dar alicheza bila Pacome, Aucho wala Yao. Akaishusha timu, akaziba katikati, akawaachia mpira. 0-0 Dar, 0-0 Pretoria, penalti zikatutoa. Lile bao la Aziz Ki lililokataliwa silizungumzii, nitaharibu jibu. Ila kocha anayejua mfumo mmoja tu hawezi kwenda dakika 180 na Sundowns bila kuruhusu goli.

Anguko lake Novemba 2024 nalo linaeleweka ukiangalia palepale kwenye nafasi ya nyuma. Alianza ligi kwa kushinda mechi nane bila kuruhusu bao hata moja. Kisha Azam: Bacca kadi nyekundu mapema, tukafungwa 1-0. Siku tano baadaye Tabora United wakaja Chamazi, Bacca yuko kwenye adhabu, tukala 3-1. Mfumo wa kupanda unategemea beki mwenye mbio wa kufuta makosa, na akikosekana huyo mmoja hesabu nzima inabadilika. Uongozi ukamwondoa, akaja kocha Ramovic na "gusa, achia, twende kwao". Wengi waliipokea kama kitu kipya, ila ukiondoa haraka ya pasi za mbele, mabeki walikuwa wanasimama palepale alipowasimamisha Gamondi.

Kuhusu Mayele. Angebaki tungekuwa na tatizo tamu, ila tatizo. Mayele anataka boksi liwe lake na mpira umfikie mapema. Pacome, Maxi na Aziz Ki wanataka mtu wa mbele awasogeze mabeki awaachie uwanja, ndiyo sababu Musonda alikuwa anapangwa hata asipofunga wiki nne huku jukwaa zima likimzomea. Gamondi angelazimika kumweka benchi mmoja wa wale watatu au kumbadilisha Mayele tabia. Nadhani angemuweka nje Maxi, kwa kuwa ndiye aliyekuja bila jina, na zile mbili za dabi sijui zingefungwa na nani.