Shangazi, kaka yetu alichomwa moto ughaibuni. Atafufuka?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, ni Mkatoliki, naishi Rombo. Kaka yangu alifariki Uingereza mwezi wa nane. Tulishaanza kuchangishana ili mwili uletwe nyumbani, mara wifi akapiga simu kwamba ameuchoma, gharama zimemshinda. Mama ana miaka 80. Tangu siku ile anakula kwa kubembelezwa, na neno lake ni moja: "Mwanangu hatafufuka, hana hata mfupa." Binamu yangu mhubiri alikuja kumfariji, akamwambia mwili ni gamba tu, roho imeshafika. Mama akazidi kulia. Baba mkubwa anasema majivu hayaingii kihambani, yaani shamba la ukoo wetu, yatupwe mtoni. Wifi anakuja Desemba nayo, na anataka nusu abaki nayo kwa ajili ya watoto. Na mimi mwenyewe, Jumapili tukifika kwenye "ufufuko wa miili", sauti inanikatikia. Atafufuka na mwili gani? Tufanyeje?

Mdogo wa Marehemu

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyote.

Nianze na mama, maana yeye ndiye anayeumia kuliko wote na ndiye mnayemwelewa vibaya kuliko wote. Msimchukulie kama bibi wa ushirikina. Kwa umri wake, mafundisho ya komunyo ya kwanza aliyapata kabla ya 1963, na wakati huo Kanisa Katoliki lilikataza kabisa kuchoma maiti. Aliyeagiza achomwe alinyimwa hata mazishi ya Kanisa. Mama anakumbuka vizuri alichofundishwa. Asichoambiwa ni kwamba katazo hilo liliondolewa Julai 1963, na Sheria ya Kanisa ya 1983 inasema wazi: Kanisa linapendelea mwili uzikwe, lakini halikatazi kuuchoma, isipokuwa mtu awe amechagua hivyo kwa kuipinga imani. Wifi yako alishindwa gharama. Hakuna imani iliyopingwa hapo.

Na sababu ya lile katazo la zamani haikuwa kwamba moto unamshinda Mungu. Lilitolewa Roma tarehe 19 Mei 1886, kipindi ambacho wapo watu Ulaya waliokuwa wakipigia debe uchomaji wa maiti ili kuwakejeli Wakristo na ufufuko wao. Sasa angalia tarehe, mwanangu. Wiki mbili tu baadaye, tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, Uganda, Karoli Lwanga na wenzake walizungushiwa mikeka ya matete na kuchomwa wakiwa hai. Kanisa halikusema hawa hawatafufuka. Lilisubiri hadi 1964 likawatangaza watakatifu, na kila Juni 3 mahujaji wanatembea kwa miguu kwenda mahali pale pale palipowaka moto. Mwambie mama habari hii kabla hujamwambia kitu kingine chochote. Mashahidi wa Uganda anawajua, na huenda hajawahi kuwaza kwamba nao waliungua.

Hofu ya mama ni ya zamani kuliko mama. Mwaka 177, katika mji wa Lyon, Ufaransa, Wakristo waliuawa, miili ikaachwa nje siku sita, kisha ikachomwa na majivu yakafagiliwa mtoni Rhône. Waliofanya hivyo walisema wazi kwamba wanataka kuwaondolea tumaini la kufufuka. Kanisa la Lyon liliandika yote hayo kwenye barua ambayo bado tunayo, na halikuyumba. Lilijua Mungu aliyemfanya mtu kwa mavumbi hahitaji kuachiwa akiba ya mifupa. Baba mkubwa naye asikie kisa hiki: kutupa majivu mtoni ndilo lililofanywa na waliowaua.

Tuje kwa binamu. Alitaka kusaidia, ila alichosema si imani ya Kikristo, na mama alilijua hilo moyoni. Kama mwili ni gamba tu, Pasaka haina kazi. Ingetosha kusema roho ya Yesu imefika salama. Injili zinasema kaburi lilikuwa tupu. Zinasema Yesu mfufuka alikula kipande cha samaki mbele ya wanafunzi (Luka 24) na alimwonyesha Tomaso makovu yake (Yohana 20). Mwili ule ule ulioteswa. Lakini pia haukuwa umerudi kama ulivyokuwa: aliingia milango ikiwa imefungwa, na Maria Magdalena alimdhania mtunza bustani mpaka alipomwita kwa jina. Kwa hiyo kuna makosa mawili nyumbani kwenu. Mama anaamini Mungu anahitaji mifupa, binamu anaamini Mungu hana haja na mwili.

Swali lako, "na mwili gani?", ndilo Paulo alilolitaja alipowaandikia Wakorintho, karibu neno kwa neno, na jibu lipo 1 Wakorintho 15 kuanzia mstari wa 35. Lisome ukiwa shambani. Chukua punje ya harage, izike, uifukue baada ya siku nane. Ganda limepasuka, punje yenyewe imelegea na imeanza kusinyaa, na katikati yake limetoka chipukizi lisilofanana nayo hata kidogo. Hata hivyo ni harage lile lile. Hukupanda harage ukapata ulezi. Paulo anasema hivyo hivyo: kinachopandwa katika uharibifu kinafufuliwa katika kutoharibika. Ni mtu yule yule, ila hali yake imebadilika. Baba yako aliyelala kihambani, udongo unamfanyia polepole kile ambacho tanuri lilimfanyia mwanawe kwa saa mbili. Wote wawili watahitaji Mungu afanye kazi ile ile.

Kuhusu sauti inayokukatikia kwenye Nasadiki: Paulo mwenyewe hakuuficha ukubwa wa jambo. Katika sura hiyo hiyo anasema kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Na kabla ya kusema hivyo ameshataja mashahidi: Petro, wale Kumi na Wawili, ndugu zaidi ya mia tano ambao wengi wao, anasema, bado wako hai. Aliandika kama miaka 25 hivi baada ya Pasaka yenyewe, wakati mtu aliyetaka kuuliza angeweza bado kwenda kuuliza. Imani yako imeegemea ushuhuda huo, haikuegemea hali ya maiti ya kaka yako. Na sauti ikikatika, iache ikatike, jirani yako kwenye benchi atamalizia. Yesu alijua anakwenda kumtoa Lazaro kaburini, na bado alilia.

Sasa majivu. Neno lenyewe linadanganya. Katika tanuri, lenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000, nyama na jeneza vinatoweka. Kinachobaki ni mifupa, nayo husagwa ikawa unga wa kijivu wenye chembechembe. Kwa mtu mzima ni kilo mbili hadi tatu. Kwa hiyo usimwambie mama "majivu yanakuja". Mwambie, na ni kweli tupu, "mifupa ya mwanao inakuja". Msomee Kutoka 13, Musa akitoka Misri amebeba mifupa ya Yosefu, na Yoshua 24, ilipozikwa Shekemu baada ya miaka mingi ya safari.

Mpigie wifi mapema. Chombo kiwe cha mbao au plastiki, kisiwe cha chuma, kwa sababu mashine ya uwanja wa ndege haioni ndani ya chuma na hapo safari hukwama. Akibebe mkononi, asikiweke kwenye begi la kupakiwa. Awe na cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa mwili, asilia na nakala, na kabla ya kukata tiketi aulize shirika la ndege na ubalozi wetu London wanataka karatasi gani nyingine.

Suala la nusu kwa nusu ndilo litakalowagombanisha, basi lijueni kabla. Maagizo ya Roma ya 2016 yanakataza kuyagawana majivu, kuyaweka sebuleni, kuyatawanya hewani au majini, au kuyatia kwenye vidani. Sababu ni ile ile ya ufufuko: hayo ni mwili wa mtu, na mwili hulazwa mahali pamoja panapojulikana, watu waje kuomba. Desemba 2023 Roma iliongeza kwamba familia inaweza kumwomba kiongozi wa Kanisa ruhusa ya kuhifadhi sehemu ndogo sana mahali penye maana kwa marehemu. Sehemu ndogo sana, kwa ruhusa. Si nusu kabatini. Kwa maoni yangu msiiombe. Wapeni watoto rozari yake, saa yake, picha ya kaburi, na tiketi ya kuja kulizuru siku mkiweza.

Nendeni kwa paroko sasa, msingoje Desemba. Mwombeni Misa ya mazishi kamili, kasha likiwa juu ya meza ndogo mbele ya altare, kando ya Mshumaa wa Pasaka. Kaburi la kihambani hubarikiwa na padre, kwa hiyo imani haina tatizo na kihamba. Mwenye tatizo ni baba mkubwa. Msimwendee kwa ubishi. Aende paroko, au mwenyekiti wa jumuiya pamoja na mzee mmoja wa ukoo, na wamweleze habari ya mifupa. Akikataa kabisa, makaburi ya parokia ni mahali patakatifu pia, na mama ataweza kufika.

Kaburi lenyewe ni dogo: sentimita 60 kwa 60 latosha, lakini kina kisipungue mita moja, maana mvua za masika na jembe hufukua vilivyozikwa juu juu. Liwe kando ya baba, na msalaba wenye jina kamili na tarehe zake. Kabla kasha halijashushwa, mpeni mama alipakate. Si zito, ataliweza. Msimharakishe.

Na wifi akitua uwanja wa ndege wa KIA, msimtumie dereva. Nendeni wenyewe.

Shangazi